Usikate shilamu ya babu: nilivyosafisha kiko cha baba kwa mkono

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Kiko cha babu yako kimetoka sandukuni, mdomo wake umegeuka rangi ya matope yenye ukijani, ukiuweka ulimini una ladha ya kiberiti, na fundi amekushauri aukate akubandikie wa plastiki. Nakuomba usikubali. Kilichoharibika ni ngozi ya juu tu, na chini yake weusi wa siku ile babu alipokinunua bado upo.

Majina kwanza, tusipotezane. Wazee wa pwani walivuta kiko cha maji: kichwa cha kuwekea tumbaku wakakiita bori, mti unaoshuka majini digali, na ule wa kuvutia mdomoni shilamu. Kiko hiki cha mkononi hakina maji wala digali, ila bori na shilamu vipo, na sioni sababu ya kutafuta maneno mengine.

Shilamu nyeusi za zamani ni ebonaiti, yaani mpira wa mti uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu kama pembe. Mwanga na unyevu vikiipiga miaka mingi, salfa hujitokeza juu, na hapo ndipo rangi na ile ladha mbaya vinapotoka. Kiko kilichokaa dirishani hupauka zaidi upande uliotazama jua. Cha baba kilikuwa hivyo, ubavu mmoja kijani, mwingine bado mweusi.

Baba alikinunua Arusha. Ni cha Tanganyika Meerschaum Corporation, kina tembo mdogo kwenye shilamu, na kwenye mti limepigwa neno Kiko na jina la Tanganyika. Jina hilo lilinifanya nikishike kwa adabu, maana nchi ilianza kuitwa Tanzania mwaka 1964. Ndani ya bori kuna kuta za sepiolaiti, jiwe jeupe jepesi ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari. Hilo lilichimbwa Sinya, upande wa Longido, jirani na Amboseli. Kitazame cha babu kabla hujakigusa. Ukiona ukuta mweupe au wa rangi ya maziwa ndani ya bori, usimwage pombe wala maji humo, na usichokoe kwa kisu chenye ncha. Jiwe hilo likilowa hulainika. Mimi nilikwangua masizi kidogo kidogo kwa kijiti butu cha mwanzi, nikaishia hapo. Bori ya mti mtupu ndiyo inayostahimili kujazwa chumvi na pombe usiku kucha ili inyonye lami na harufu.

Sikuanza na cha baba, na nashukuru. Nilianza na kiko cha mtumba. Mtu alinielekeza niiloweke shilamu kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Asubuhi nikaikuta ya kijivu, imejaa vishimo kama ngozi ya chungwa, chapa imefutika. Kisha nikaing'ang'ania na msasa hadi ukingo ule mdogo unaoshikwa na meno ukaisha. Kiko hicho ninacho bado, na kila ninaposhika kingine nakitazama kwanza.

Kwa hiyo fanya hivi. Chomoa shilamu kiko kikiwa baridi, ukizungusha taratibu kuelekea upande mmoja. Safisha tundu la ndani kwa uzi wa pamba uliozungushiwa kwenye waya laini, ukiuchovya kwenye pombe kali ya kunyweka. Spiriti ya kuwashia moto usiitumie, ina methanoli, ambayo ni sumu, na hiki ni kitu cha kuweka mdomoni. Utatoa lami nyeusi mpaka uchoke. Endelea hadi uzi utoke mweupe. Nje, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ya moto sana huzidisha kupauka.

Sasa kazi yenyewe. Nenda duka la rangi za magari ununue msasa wa maji, namba 400, 600, 1000 na 2000. (Msasa asili yake ni mti. Majani yake yanakwaruza, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi hizi.) Irudishe shilamu kwenye kiko wakati wa kusugua, la sivyo utaviringa kingo za maungio na hazitakaa sawa tena. Mimi nilichukua kadi ya benki iliyokwisha muda wake, nikaitoboa, nikaipachika katikati ya mti na shilamu, msasa usiuguse mti.

Sugua kwa kipande kidogo kilicholowa. Maji yatatoka ya rangi ya chai ya maziwa na yatanuka kiberiti. Hiyo ndiyo salfa inatoka. Kwa namba 400 fuata urefu, ukifika 600 pita kimshazari, ndipo utaona kama mikwaruzo ya kwanza imeisha. Usipande namba kabla haijaisha, kwa sababu 2000 haitafuta kilichoachwa na 400, itaking'arisha tu. Hatua ya kwanza peke yake ilinichukua jioni tatu. Mashine ya kung'arishia ingefanya kwa dakika chache, lakini inapasha ebonaiti joto na kula kingo kabla jicho halijaona. Tembo sikumgusa kwa msasa hata mara moja. Hapo nilitumia kidole na dawa ya meno nyeupe, na kama kuna ukijani uliobaki kumzunguka, na ubaki.

Alama za meno huinuka zenyewe ukichovya ncha kwenye maji yaliyochemka kwa dakika moja hivi, kwani ebonaiti hukumbuka umbo lake la kwanza. Lakini shilamu iliyopindwa nayo inaweza kukumbuka kwamba ilizaliwa imenyooka, kwa hiyo chovya ncha tu. Za baba sikuziinua. Alikuwa anakiuma upande wa kushoto akisoma gazeti, na vile vishimo viwili ndivyo ninavyovijua kuliko kitu kingine chochote kwenye kiko kile.

Mwisho nilipaka nta ya nyuki kidogo sana, nikasugua kwa kitambaa cha pamba hadi joto la mkono likaiyeyusha. Mafuta ya kupikia hapana, yanachacha. Sasa kinakaa kwenye droo, mbali na mwanga, na nikikishika nakifuta jasho.

Usimrudie fundi kwanza. Piga picha ya ndani ya bori na ya chapa ukitumia mwanga wa mchana, uiweke hapa, nikuambie kama ni jiwe au mti kabla hujaleta tone lolote la pombe karibu nacho.