Jiwe limechora kioo: je, ni almasi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba. Shemeji yangu amerudi kutoka Mabuki na jiwe linaloonyesha kama maji, ukubwa wa harage dogo. Anataka nimkopeshe laki tano, jiwe libaki kwangu kama rehani. Amelikwaruza kwenye kioo cha dirisha mbele yangu na kioo kikachorika kweli. Ni almasi?

JIBU: Njema, dada. Mabuki almasi zipo, wala simdharau shemeji. Miamba ya kimbalaiti, ile inayobeba almasi na iliyoipa Mwadui jina tangu mwanajiolojia Williamson alipougundua mgodi mwaka 1940, ipo na huku Misungwi. Ila kioo kuchorika kumekuambia jambo moja tu, kwamba jiwe ni gumu kuliko kioo. Mawe ya namna hiyo hapa Mwanza tunayakanyaga kila siku.

Ugumu wa mawe hupangwa kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10. Kioo cha dirisha kiko kama 5 na nusu. Kwatzi iko 7, topazi 8, yakuti 9, almasi 10. Zitazame kokoto wanazogonga akina mama kule milimani: zile chembe zinazometameta kama vipande vya chupa ni kwatzi, nazo zinachora kioo vilevile. Na hizo namba ni kama nafasi kwenye foleni. Kutoka yakuti hadi almasi ni hatua moja, lakini almasi inaizidi yakuti kwa ugumu mara kadhaa.

Asije mtu akakushauri mlipige nyundo, kwamba almasi haivunjiki. Gumu kukwaruzika na gumu kuvunjika ni vitu viwili. Almasi ina mielekeo minne ambayo kwayo hupasuka kirahisi, kama gogo linavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake. Nilishaletewa almasi ya kweli ikiwa vipande vitatu kwenye karatasi; mwenyewe alikuwa ameshaithibitisha kwa nyundo.

Kipimo ninachokuamini nacho wewe ni maji. Mizani yako ya dagaa haifai hapa. Azima ya mnunuzi wa dhahabu, ile inayosoma hadi gramu 0.01. Kwanza pima jiwe likiwa kavu. Tuseme limesoma gramu 1.60, yaani karati 8, maana karati moja ni gramu 0.2. Kisha weka juu ya mizani kikombe cha plastiki chenye maji, urudishe mizani kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba, ulishushe majini huku umeushika uzi kwa mkono. Jiwe lizame lote, lakini lisiguse chini wala ukingo. Ukiona vipovu vimeling'ang'ania, tia tone la sabuni ulitikise kidogo. Mizani itapanda: hicho ndicho kipimo cha maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo; jibu linakuambia jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ukubwa uleule, na kila aina ya jiwe ina namba yake.

Ikiwa imesoma 0.60, basi 1.60 kwa 0.60 ni kama 2.67. Hiyo ni kwatzi, na mazungumzo ya mkopo yaishie hapo. Kwatzi ni 2.65, ndogo au kubwa, ya Mabuki au ya Brazili. Almasi ni 3.52, kwa hiyo jiwe la uzito uleule lingepandisha mizani kwa 0.45 au 0.46 tu. Rudia mara tatu, kwa sababu mkono ukitetemeka namba inacheza.

Ukipata 3.5, usishangilie bado. Topazi nayo iko papo hapo, kati ya 3.5 na 3.6, na haina thamani ya almasi hata kidogo. Hapo umbo linasaidia: almasi ghafi mara nyingi ni kama piramidi mbili zilizounganishwa vitako, na mng'ao wake ni kama imepakwa mafuta. Kwatzi isiyosagika sana ina pande sita, zenye mistari myembamba ya kukata kiunoni. Kung'aa sana kusikuhadae. Almasi ghafi nyingi hazipendezi. Ule moto wa rangi unatokana na mkataji.

Kuhusu rehani: kufanya biashara ya madini bila leseni ni kosa, na jiwe likiwa la kweli wewe ndiye utakayekutwa nalo. Likifika 3.5, shemeji alipeleke mwenyewe soko la madini hapa mjini likathaminiwe.

Ukishapima niandikie namba zote mbili, ya kavu na ya majini, pamoja na picha ya jiwe mchana kivulini.