Ukibwagwa Ubunge, Usitupe Fomu za Vituo

Katika maeneobunge mengi ya Kenya, mshindi wa kiti cha ubunge hakuchaguliwa na walio wengi. Rais hutakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura zote. Mbunge anatakiwa kuwapita wenzake tu. Wakijitokeza wagombea kumi, mtu anaweza kwenda Bungeni akiwa na theluthi ya kura, au hata chini ya hapo. Waliobaki wote walimpigia mtu mwingine, na huyo mtu mwingine bado yuko hai, ana simu, na pengine anaishi kijiji cha pili.

Niligombea ubunge mwaka 2017 nikashika nafasi ya pili. Tangu hapo nimeketi na wengi walioshindwa, wa vyama na wagombea huru, wengine wakiwa bado hawajaondoa mabango yao barabarani. Ninachowaambia hakibadiliki sana. Aliyeshindwa ndiye mtu pekee, ukimtoa mbunge mwenyewe, aliyezunguka eneobunge zima, akasikiliza shida za kila wadi na kujua nani anaaminika wapi. Ujuzi huo umeugharamia kwa pesa nyingi. Basi utumie kuulizia mali ya umma, na uanze mapema kabla joto halijapoa.

Lakini kwanza walipe maajenti. Nalitanguliza hili hata kabla ya mambo ya mahakama kwa sababu nimeona watu wakilipuuza na kujimaliza. Ajenti alikesha kwenye darasa la shule ya msingi, akahesabu kura hadi alfajiri, akatia sahihi Fomu 35A ya matokeo ya kituo chake, kisha akangoja gari ambalo halikuja. Ukizima simu wiki hiyo, nakala ya fomu itabaki mfukoni mwake, na habari zako zitafika sokoni kabla yako. Kama pesa zimeisha, mwite, mwambie umebaki na kiasi gani, mpe nusu na mkubaliane tarehe ya nusu nyingine. Vivyo hivyo kwa mwenye hema, mwenye vipaza sauti na kijana wa bodaboda. Anza na wadai wadogo. Wakubwa wanaweza kusubiri, na kusema kweli wengi wao walishajua hatari waliyoingia.

Fomu 35A ndiyo matokeo ya ubunge ya kituo kimoja cha kupigia kura. Fomu 35B ndiyo ya eneobunge zima, ile anayotangaza msimamizi wa uchaguzi. Kusanya 35A zote, zipange kwa wadi, ujumlishe mwenyewe ukitumia kikokotoo, kisha ulinganishe na 35B. Kazi hii humaliza uvumi mwingi. Kuna mgombea mmoja niliyemsaidia aliyeapa kwamba ameibiwa katika wadi fulani. Tulipojumlisha, tukakuta wadi hiyo ndiyo aliyoongoza. Kura zilimponyoka kwingine, mahali ambapo hakuwa amekanyaga.

Baada ya kujumlisha ndipo uamue kama unakwenda kortini au unampigia mshindi simu. Katiba inakupa siku 28 kuwasilisha kesi, na hapo watu huteleza. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ugavana wa Mombasa kati ya Hassan Joho na Suleiman Shahbal, iliamua kwamba siku hizo huhesabiwa tangu matokeo yatangazwe, si tangu jina la mshindi lichapishwe kwenye Gazeti Rasmi la serikali. Shahbal alikuwa amehesabu kutoka kwenye Gazeti, na kesi yake ikaishia hapo. Kisha kuna dhamana ya gharama: shilingi 500,000 kwa kesi ya ubunge, mbali na wakili. Ukishindwa, korti inaweza kukuagiza umlipe gharama yule unayemshtaki, na kiasi hicho huweza kuizidi dhamana mara kadhaa. Mahakama Kuu ina miezi sita kuamua, halafu kuna rufaa.

Ni kweli uchaguzi wa urais wa 2017 ulifutwa kwa sababu ya jinsi ulivyoendeshwa. Usijiliwaze na hilo. Katika kesi ya Gatirau Munya wa Meru, mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilieleza wazi kwamba kasoro ambazo hazikugusa matokeo wala misingi ya uchaguzi hazitoshi kumng'oa mtu. Kama fomu zako zinaonyesha tofauti ya kweli, nenda. Kama ulicho nacho ni hasira na video ya sekunde thelathini, baki na hiyo laki tano, una wadai.

Ukiamua kukubali matokeo, kubali kwa sauti. Mimi nilipiga simu, kisha nikaandika taarifa fupi na kuisoma mbele ya watu wangu. Wengine walikasirika. Faida yake niliiona baadaye: kila nilipouliza swali kuhusu pesa za eneobunge, hakuna aliyeweza kusema kwamba bado nabishania kura.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Eneobunge lina hazina ya NG-CDF, yaani pesa za serikali kuu za maendeleo ya eneobunge, na humo mna basari, madarasa, vituo vya polisi, na kamati inayoamua. Wanasheria wameipeleka hazina hii kortini tena na tena. Sheria ya 2013 ilifutwa, ikaja ya 2015, nayo ikapingwa. Hata iitweje kesho, pesa za umma zitaendelea kugawanywa mashinani na mtu atahitajika kuuliza zimekwenda wapi. Wananchi wengi huogopa kuuliza kwa sababu mtoto wao anategemea basari hiyo hiyo. Wewe uliyeshindwa tayari umehesabiwa kuwa mpinzani. Huna cha kupoteza kwa kuuliza, na huo ni uhuru ambao jirani yako hana.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ndiyo silaha yako, na ajabu ni kwamba wanasiasa wachache huitumia. Unaandika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa ofisi ya umma inayoshikilia habari unayotaka. Hulazimiki kueleza unaitakia nini. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikinyamaza, unaipeleka barua hiyo kwa tume ya Ombudsman, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, maana bila muhuri utaambiwa barua haikufika.

Barua yangu ya kwanza iliomba orodha ya waliopata basari za sekondari, shule kwa shule. Sikutuhumu mtu. Siku 21 zikapita bila jibu, nikaandika kwa Ombudsman, na haikuchukua muda ofisi iliyokuwa kimya ikanipigia simu ya upole sana. Orodha ilibandikwa mbaoni nje ya ofisi ya chifu. Haikufichua wizi wowote mkubwa. Ilichofanya ni kuwaonyesha wazazi wa wadi mbili kwamba shule zao za kutwa zilikuwa zimepata kidogo mno, nao wakaanza kuulizia wenyewe. Mwaka uliofuata mgao ulisogea. Mbunge alisema ni mpango wake, nami nikamwacha aseme.

Sambamba na barua, soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Huwa kuna ripoti ya hazina ya kila eneobunge, nayo ni ya umma. Lugha yake ni kavu, lakini utapata mradi kwa jina lake, kiasi kilichotolewa, na kile wakaguzi walichokikuta walipofika. Chukua mradi mmoja, nenda na watu wa kijiji hicho muutazame. Mmoja tu. Anayekuja na tuhuma ishirini kwa mkupuo husikika kama mtu wa kampeni.

Na utaambiwa hivyo tu: huyu ana uchungu wa kushindwa. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutokutia sahihi peke yako. Mwalimu mstaafu, mama wa kikundi cha akiba, mhubiri ambaye hakukupigia kura. Hao wakiandika pamoja nawe, maneno ya uchungu hayashiki. Dawa nyingine ni kusifu panapostahili. Barabara ikitengenezwa vizuri, sema imetengenezwa vizuri, hadharani, na umtaje mbunge kwa jina. Wafuasi wako watanung'unika siku mbili. Pia mpelekee mbunge mwenyewe nakala ya kila barua. Akijibu, umepata jibu. Asipojibu, una ushahidi wa kimya chake. Jambo likiwa kubwa kuliko eneobunge lako, Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na ombi hilo linaweza kupitia kwa mbunge wa eneo lolote.

Jambo ninalowasihi watu waliache ni kuishi kama mbunge wa pili. Utaendelea kuitwa mheshimiwa, na jina hilo ni ghali. Kila harambee itakuwa na bahasha yenye jina lako, kila msiba utasubiri mchango wako, na huna mshahara wa Bunge. Hudhuria mazishi, keti na wafiwa, toa kile ambacho jirani angetoa. Waliokuzoea kwa noti za kampeni watapungua. Waache wapungue.

Kuhusu kuhamia upande wa mshindi ili upate kazi, sina maneno mengi. Machi 2023 waliteuliwa Makatibu Waandamizi 50, wale CAS wa kuwasaidia mawaziri, na miongoni mwao mlikuwa na wengi waliobwagwa uchaguzi wa 2022. Julai hiyo hiyo Mahakama Kuu ikasema uteuzi ulikiuka Katiba. Walikuwa wameshawaaga wapigakura wao.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. Mwaka 1997 aliwania urais na ubunge wa Tetu, akashindwa kote kuwili, tena vibaya. Miaka miwili iliyofuata alikuwa kwenye msitu wa Karura jijini Nairobi, akipambana na wanyakuzi wa ardhi, na mapema 1999 alipigwa na walinzi hadi akaumizwa kichwa. Alipowania Tetu tena mwaka 2002 alipata takriban asilimia 98 ya kura. Wimbi la NARC, muungano wa vyama ulioshinda mwaka huo, lilimbeba, sikatai, lakini wimbi lile lilibeba wengi na si wote waliopata asilimia kama hizo. Na kabla hujaanza kuota, kumbuka kwamba mwaka 2007 alianguka kwenye mchujo wa chama, akiwa tayari na Tuzo ya Nobel. Msitu haukumpa uhakika wa kiti. Karura bado ipo, na leo watu hukimbia humo asubuhi.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama utawania tena, amua mapema unapita wapi. Mgombea huru hatakiwi kuwa mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hiyo ukingoja mchujo ukutupe nje ndipo utafute njia, tarehe zinaweza kukufungia mlango. Kama huwanii tena, waambie watu wako waziwazi, maana kuna kijana anayesubiri ujitoe ndipo ajitokeze, na kila mwezi unaochelewa unamla yeye.

Mimi siwanii. Faili langu la Fomu 35A nimemkabidhi mwanamke mmoja wa wadi ya jirani ambaye 2022 alishika nafasi ya tatu, pamoja na nakala za barua zote na majina ya maajenti waliofanya kazi kwa uaminifu. Aliketi nalo siku kadhaa akarudi na masahihisho: vituo vingine vimegawanywa tangu wakati wangu, kwa sababu tume ya uchaguzi, IEBC, haitaki kituo kizidi wapigakura 700, na maajenti wawili wamehamia upande wa mbunge. Amelipanga upya kwa kutumia fomu zake za 2022. Sasa anangoja jibu la barua kuhusu zahanati iliyojengwa ikabaki bila maji, na siku 21 zake bado hazijaisha.