Maswali Yenu: Furaha ya Bwana Siku za Kazi

Nauza chai na chapati. Naamka saa kumi alfajiri, narudi giza limeshaingia. Sala niiweke wapi?

Iweke pale ambapo tayari unasubiri kitu. Unga ukishakandwa unaachwa upumzike kama nusu saa, na mikono iko huru. Soma zaburi moja, kwa sauti, mara mbili. Usianzie kitabu cha Mwanzo: wengi huanza Januari kwa bidii, wakifika Walawi wanakwama, kisha wanaona aibu kurudi. Anza na Zaburi 120 hadi 134. Ziko 15, na ukiacha ya 132 yenye mistari 18, hakuna inayozidi mistari 9. Kwa mapokeo ni nyimbo za mahujaji waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu, nyimbo za watu walio njiani kama wewe. Chagua mstari mmoja uurudie unaposukuma. Ukifika 127:2 utakutana na mtu anayeamka mapema na kuchelewa kulala, halafu utaambiwa kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Hapo hulaumiwi kwa bidii yako, unaruhusiwa kulala bila hofu.

Nilianza daftari la shukrani, lakini wiki ya pili likakauka. Naandika yale yale.

Bila shaka unaandika "asante kwa uzima na afya". Maneno hayo ni ya kweli, ila ni mapana mno, na moyo hauna pa kushika. Andika vitu vitatu kila jioni, kila kimoja na saa yake na mahali pake: "Saa tisa, mvua ilisubiri mpaka nikamaliza kuanua nguo." Zaburi 136 inafanya hivyo hivyo. Katika mistari yake 26 inawataja wafalme Sihoni na Ogu kwa majina, kisha inashuka hadi kwenye chakula cha kila mwenye mwili. Ukiruka siku, usilipe deni. Endelea na ya leo.

Nimefiwa na mume wangu miezi mitatu iliyopita. Kanisani wananiambia Mkristo lazima afurahi. Je, imani yangu imepungua?

Hapana, mama, na pole sana. Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro, na bado alilia machozi (Yohana 11:35). Paulo aliyewaandikia Wafilipi "Furahini katika Bwana sikuzote" aliandika akiwa kifungoni, naye ndiye aliyewaambia Warumi walie pamoja nao waliao. Wanaokunukulia neno la kwanza wakumbuke na la pili.

Kama maneno ya kuomba yamekuishia, tumia Zaburi 13. Ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza inauliza "Hata lini" mara nne. Hapo weka malalamiko yako yote, kwa majina yake: kitanda kitupu, ada ya watoto, ndugu waliogeuka. Miwili inayofuata inaomba, nawe omba jambo moja la kesho. Miwili ya mwisho inatumaini na kuimba. Ukishindwa kuisema, ishia kwenye mstari wa nne bila hatia. Zaburi 88 nzima inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia.

Kula, hata uji. Nabii Eliya alipoomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Na kama usingizi na chakula vimekataa kwa wiki kadhaa, au unatamani kufa, nenda hospitali leo, usiende peke yako. Kutibiwa hakupingani na kuomba.

Je, ni anasa kupika vizuri sikukuu wakati jirani hana kitu?

Soma Nehemia 8:10 yote, siyo kipande cha mwisho tu. Watu walikuwa wakilia baada ya kusikia torati. Wakaambiwa waende wale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu, ndipo yanafuata maneno "furaha ya Bwana ni nguvu zenu". Kwa hiyo pika pilau. Ila pakua sahani ya jirani kwanza, nyama ikiwa bado juu, umpe mtoto aipeleke ingali moto. Ukingoja mpaka wote washibe, utakachompelekea ni ukoko.