Mkuu, usifunge hiyo MLS kabla hujapima uso wa bloku

Mkuu, simama hapo hapo. Rudisha gasketi kwenye boksi lake na usiguse bolti hata moja. Umesema una injini ya L24 ya Datsun 240Z, silinda zimechongwa kutoka mm 83 hadi mm 84, hedi imetoka kwenye mashine, bloku umeisafisha kwa diski ya msasa kwenye drili, na sasa unauliza kama MLS, yaani gasketi ya hedi ya mabati kadhaa, ndiyo sahihi, unene upi uchukue, upake silikoni gani, na rangi ipi ya bluu ndiyo ya kiwandani. Hiyo diski ya msasa ndiyo iliyonishtua. Mengine yatasubiri.

Gasketi ya hedi haichaguliwi kwa bei wala kwa sifa. Inachaguliwa kwa hali ya nyuso mbili zinazoibana, na ule uso mbovu zaidi ndio wenye kauli ya mwisho. Hedi yako hata ikichongwa vizuri namna gani, ikikalia bloku mbovu gasketi itaungua tu.

MLS ni mabati kadhaa ya chuma cha springi yaliyopangwa pamoja, yenye tuta jembamba linalozunguka kila silinda. Tuta ndilo linalozuia moto. Maji na oili vinazuiwa na utando wa mpira uliopakwa juu ya bati, na utando huo mara nyingi hauzidi mikroni 25 hivi, yaani mm 0.025. Sasa fikiria mkwaruzo wenye kina cha mm 0.05 unaotoka tundu la maji kwenda kwenye silinda. Mpira hauna nyama ya kuujaza. Ukikaza toki zaidi unavuta nyuzi za bolti, mfereji unabaki pale pale. Injini itawaka vizuri, itatembea, halafu siku ya kupanda mlima mrefu inaanza kusukuma maji nje ya rejeta na wewe unaanza kubadilisha themostati isiyo na kosa.

Kompoziti ni kitu kingine. Ina bati katikati, pande zote mbili ina grafiti au nyuzi zinazobonyea, na pete ya chuma kwenye kila silinda. Ile nyama laini inafuata kasoro ndogo za uso. Kwa bloku ya zamani ambayo haijapita kwenye mashine, kompoziti nzuri itakaa muda mrefu kuliko MLS ya bei kubwa. Hili wauzaji hawalisemi! Wanauza MLS kama dawa ya kila injini, na mafundi wanawarudia neno kwa neno, "weka MLS usahau". Aliyekwambia bloku haina haja ya kuchongwa maana utaweka MLS amegeuza mambo kabisa. MLS ndiyo inayodai bloku ichongwe. Inaniudhi kwa sababu yeye halipii kufungua injini mara ya pili.

Turudi kwenye diski. Diski ya drili haijui usawa, inakula pale mkono ulipoegemea. Panapoliwa upesi ni ule ukuta mwembamba kati ya silinda na silinda, na kingo za matundu ya maji, yaani sehemu zile zile ambazo gasketi ina kazi ngumu kuliko zote. Jicho halioni kwa sababu uso wote unang'aa sawasawa. Kibaya zaidi ni vumbi lake. Chembe za diski hizo ni oksidi ya alumini, ngumu kuliko beringi na krenki. Zikiingia kwenye njia za oili, zinamaliza beringi. General Motors waliwahi kutoa waraka kwa mafundi wao kuonya juu ya diski hizi kwa sababu hiyo hiyo. Kama krenki na pistoni zilikuwa ndani ulipokuwa unasafisha, fungua chini yote, toa plagi za njia za oili, piga brashi na maji ya sabuni, kausha, paka oili. Hakuna mkato hapo.

Kupima sasa. Chukua rula ya chuma iliyonyooka kweli, ndefu kuliko bloku, na fila geji, yaani vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya chini ya rula. Laza rula kwa urefu pande mbili, kwa mishazari miwili, na kwa upana kila mwisho. Kisha pima peke yake kila ukuta kati ya silinda, maana pale ndipo diski huchimba. Kitabu cha Nissan kinaruhusu mm 0.1 kwa gasketi ya enzi zake. Kwa MLS usikubali zaidi ya mm 0.05. Halafu pitisha ukucha polepole kukatisha mistari ya msasa. Ukucha ukikwama hata kidogo, uso huo si wa MLS. Fundi mwenye kipimo cha ukwaruzo mwambie unataka Ra, yaani wastani wa ukwaruzo wa uso, ya mikroni 0.8 au chini yake.

Kwa nini ukali wote huu? Bloku ni chuma na hedi ni alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kipande cha mm 600 kikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 90, alumini inaongezeka karibu mm 1 na chuma karibu nusu yake. Kila unapowasha na kuzima, hedi inasugua juu ya gasketi. Uso laini unauachia utando wa mpira uteleze. Uso wenye mistari unauchuna.

Ukiamua kuchonga bloku, ipeleke na taiming kava (kifuniko cha cheni ya taiming mbele ya injini) ikiwa imefungwa, ichongwe pamoja. Kwenye L24 hedi inakalia kava pia, na wengi huisahau, kisha oili inavuja mbele na lawama inaangukia gasketi.

Unene: hapo pia usikisie. Silinda ya mm 84 na mwendo wa pistoni wa mm 73.7 ni sisi (cc) 408 kwa kila silinda. Tuchukue mfano wa chumba cha hedi cha sisi 42, pistoni ikiwa usawa wa bloku, tundu la gasketi mm 86. Gasketi ya mm 1.2 inatoa kompresheni ya 9.3, ya mm 0.6 inatoa karibu 10, ya mm 2 inashuka hadi 8.6. Chumba chako kipime kwa bomba la sindano na kioo, usichukue namba ya mtandaoni, kwa kuwa hedi yako imeshachongwa. Na kuchongwa huko kumeisogeza kamshafti karibu na krenki, kwa hiyo taiming ya valvu imechelewa. Gia ya kamshafti ina matundu matatu ya kurekebishia, kila hatua ni nyuzi 4 za krenki.

Kabla ya kulipa, laza gasketi kavu juu ya bloku uangalie kila silinda. Gasketi iliyokatwa kwa ajili ya mm 83 inaweza kuchungulia ndani ya silinda ya mm 84. Ukingo huo unakuwa mwekundu kwa joto na injini inaanza kugonga.

Silikoni juu ya gasketi, hapana. Tone dogo linawekwa tu kwenye maungio ya taiming kava na bloku.

Uso wa bloku ukigoma na pesa ya mashine haipo, chukua kompoziti, kwa sharti kwamba ile mm 0.1 haijapitwa. Toa oili na maji yote kwenye matundu ya bolti, paka oili kidogo kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha bolti, kaza kuanzia katikati kwenda nje: Nm 40, kisha 60, kisha namba ya kitabu chako, ambayo huwa kati ya 64 na 83. Washa ipate moto, izime ipoe kabisa, kisha legeza robo mzunguko na kaza tena bolti moja moja.

Leta vipimo vyote vya bloku kabla hujanunua kitu kingine.