Sharesave kazini: ujiunge au uache?

Dada, umeuliza kama kukatwa pauni 150 kwa mwezi kwa miaka 3 kwenye Sharesave ya mwajiri wako huko Uingereza, yaani mpango wa kuweka akiba ili baadaye ununue hisa za kampuni yako, ni kamari. Mimi nasema jiunge. Hununui hisa leo; unaweka akiba, na bei ya kununulia inafungwa mapema, kwa punguzo linaloweza kufika asilimia 20. Tuseme hisa ni pauni 2.50, wewe umefungiwa 2. Mwisho wa muda una pauni 5,400, zinazotosha hisa 2,700. Bei ikipanda hadi 3, una mali ya 8,100. Ikiporomoka hadi 1.20, unaachana na hisa na kuchukua akiba yako yote, ingawa mfumuko wa bei utakuwa umeimega.

Ninachokuhofia ni kiasi. Umesema unamtumia mama fedha za dawa kila mwezi. Basi anza na 50. Ukiacha kazi kwa hiari mapema, akiba unarudishiwa, lakini haki ya kununua kwa bei ile inapotea. Na ukishazipata hisa, tafadhali usizikalie zote, maana mshahara wako nao unatoka kampuni hiyohiyo. Uza angalau nusu.