Kabla hujachagua rangi ya helmeti, ulizia kioo chake

Ukiingia duka la helmeti za pikipiki Kariakoo, jambo la kwanza muuzaji analokuuliza ni rangi. Mimi huwa namrudishia swali: kioo chake cha akiba unacho, na unakiuza shilingi ngapi? Akianza kuzungukazunguka, naomba nyingine. Kioo ndicho kinachochoka mapema kuliko kitu kingine chochote, hasa kwa sisi tunaokula vumbi la malori kila siku. Kikishajaa mikwaruzo, mchana utavumilia. Usiku gari likikuwashia taa mbele, mwanga unasambaa kwenye kioo kizima na barabara huioni tena. Ndiyo maana watu wengi wanaishia kuendesha kioo kikiwa juu, macho yanapigwa na wadudu, na pesa ya helmeti nzima imeenda bure kwa sababu ya kipande cha plastiki.

Naendesha pikipiki Dar es Salaam miaka mingi sasa, na wanaoniuliza wanunue ipi huwa nawaambia waigawe helmeti mara mbili kabla ya kutoa pesa. Kuna vinavyobadilishwa: kioo, skrubu zake, kitambaa cha ndani na sponji za mashavu. Halafu kuna visivyobadilishwa: ganda, mkanda, na lile povu gumu jeupe lililo kati ya ganda na kitambaa. Kimoja kati ya hivi vitatu kikiharibika, usitafute fundi.

Povu ndilo linalookoa kichwa, na ndilo ambalo hakuna anayeliangalia dukani. Ni povu la aina ile inayokuja na televisheni mpya kwenye boksi, ila limeshindiliwa zaidi. Kazi yake ni kupondeka. Kichwa kikigonga lami, povu linabonyea na kula nguvu ya kishindo badala ya ubongo kuila. Likishabonyea halirudi. Ganda linaweza kubaki linang'aa kabisa huku ndani pameshakwisha, kwa hiyo helmeti iliyokwenda chini ikiwa na kichwa ndani yake imemaliza kazi, hata kama imechubuka kidogo tu. Ikidondoka tupu kutoka kwenye kiti, hapo usipaniki; ikague, iangalie povu kama lina ufa, uendelee. Za mtumba mimi sishauri hata kidogo, kwa sababu muuzaji mwenyewe hajui ilikotoka ilianguka mara ngapi.

Dukani toa kitambaa kidogo pembeni ulione povu. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inatoa kipimo rahisi: helmeti ya kweli ina povu la unene wa karibu sentimita 2.5 na uzito wa karibu kilo 1.4, wakati zile za urembo tu zina nusu kilo au pungufu na ndani zina sponji laini tu. Ishike mkononi, utajua. Stika ya DOT mgongoni, yaani alama ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, isikulevye, maana stika huchapwa popote. Mimi naangalia lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha (E3 ni Italia, E4 Uholanzi), kisha namba ndefu inayoanza na 05 au 06, yaani toleo la kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22. Baada yake kuna P kama kidevu kimekingwa, J kama hakikukingwa, na NP kwa ile yenye kidevu cha urembo kisicho na kinga. Hiyo NP ikimbie. Lebo nayo huigwa, kwa hiyo isome pamoja na uzito na povu, usiisome peke yake.

Saizi usiikisie. Pitisha futi ya fundi cherehani kwenye paji la uso juu kidogo ya nyusi, izunguke mpaka kwenye kisogo. Sentimita 57 na 58 mara nyingi ni M, 59 na 60 ni L. Dada mwenye rasta au kilemba ajipime akiwa na mtindo anaoendesha nao. Mpya inatakiwa ibane mashavu mpaka uongee kwa shida. Funga mkanda, kisha isukume kutoka kisogoni kwenda mbele kwa nguvu. Ikivuka nyusi na kutaka kutoka, barabarani itatoka. Ukiona muuzaji anasema "hiyo kubwa ndiyo inapitisha hewa," muage.

Turudi kwenye kioo. Namba ya modeli huwa imechapwa pembezoni mwa kioo chenyewe kwa maandishi madogo. Ipige picha uende nayo dukani. Kinachofanana si lazima kiwe chenyewe. Nimewahi kumwona kijana kibandani akipasha msumari moto kwenye jiko la mkaa na kutoboa tundu jipya ili kioo cha aina nyingine kiingie. Kiliingia, mteja akashukuru akaondoka. Kioo cha namna hiyo ukifika mwendo wa 60 kinaanza kupiga makelele, na upepo unakifungua wenyewe.

Kubadilisha si kazi. Fungua kioo mpaka juu kabisa. Nyingine zina ulimi wa plastiki pembeni, ukiuvuta kinaachia, na za bei nafuu zina skrubu moja kila upande. Kabla hujatoa, angalia washa, vile vipete vya skrubu, zimepangwaje. Hapa pwani chumvi inakula skrubu, kwa hiyo weka zisizoshika kutu, ila urefu uwe uleule, isije ikapenya hadi kwenye povu. Kaza kwa mkono mwepesi. Kusafisha, lowanisha kwanza kwa kitambaa cha maji na sabuni dakika kadhaa, vumbi lilainike, ndipo ufute. Kukipangusa kikavu kwa fulana ndiko kunakokimaliza. Masika kikifunga ukungu, tone la sabuni ya vyombo lililosuguliwa upande wa ndani mpaka likauke linasaidia kwa safari moja au mbili. Kioo cheusi kinapendeza, lakini kwa anayerudi nyumbani usiku ni balaa. Nunua cheupe, mchana vaa miwani.

Petroli na tina ya kuzimulia rangi viwe mbali. Maganda mengi ni ya plastiki, na kemikali hizo huyadhoofisha kimyakimya. Hata rangi ya kupuliza. Namba ya kijiwe iandike kwenye kizibao, si kwenye helmeti.

Mkanda uliochanika nyuzi usishonwe. Ule wa pete mbili za chuma ndio unaodumu. Wa meno ni mwepesi kufunga, lakini mchanga ukiingia unaachia, basi usugue kwa mswaki wa zamani na uuvute kwa nguvu mara kwa mara kuupima. Umri nao una mwisho: Snell, taasisi ya Marekani inayopima helmeti, na watengenezaji wengi wanasema miaka mitano hivi, na kwa jasho letu la Februari mimi sifiki mbali zaidi ya hapo. Unapoitupa, kata mkanda kwa kisu, kwa sababu jalalani kuna watu wanaokota na kuuza.

Kitambaa cha ndani kivue, kioshe kwa shampuu ya mtoto, kianike kivulini. Bodaboda mwenye helmeti ya abiria afanye hivyo kila wiki. Abiria wengi wanaokataa kuvaa wanakimbia harufu. Na wewe abiria wa kila siku, nunua yako. Ya bodaboda imenunuliwa kubwa ili imtoshe kila mtu, na mtoto wa shule haimkai kabisa, inageuka tu kichwani. Za watoto zipo, kuanzia sentimita 50 hivi.