Mjomba anasema askari alijichagulia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, nauza spea za pikipiki hapa Uyole, Mbeya. Babu yangu mzaa mama alikufa vita ya Kagera, mama yangu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, bibi haendi shamba wala sokoni. Anaitoa picha ya babu, anapika, anaita majirani. Mwaka huu mjomba wangu, kifungua mimba wa bibi, amemwambia basi, inatosha. Eti askari alijichagulia kazi ya kufa, na mshahara alilipwa. Eti madereva wa malori wanaokufa Mlima Nyoka hapa jirani hakuna anayewapigia gwaride. Bibi alinyamaza, akaingia ndani. Nami nilikosa la kusema. Mwalimu, kifo cha askari kina uzito gani hata kizidi vifo vya wengine?

JIBU: Marahaba mwanangu, na bibi mpe kamwene yangu.

Nianze na mama yangu, maana swali lako lilishapita nyumbani kwetu Njombe mwaka 1979. Kaka yangu mkubwa alilima pareto na viazi. Uaskari aliujua kwa mafunzo ya mgambo tu, tena ya kushika fimbo mahali pa bunduki. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunayo, mgambo waliitwa kwa maelfu. Kaka akapanda lori na wenzake. Alimwachia mama debe la mbegu za viazi, akasisitiza zisiliwe, atarudi kuzipanda.

Aliuawa Februari 1979, njia ya kwenda Masaka. Walioleta habari walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa mwenyekiti wetu wa kijiji. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Hakupiga yowe. Aliweka ungo chini akauliza, "Nani alimwosha?" Wakatazamana. Hawakujua.

Kwa karibu miaka miwili, kila aliyerudi kutoka Uganda, mama alimfuata. Alitembea hadi vijiji ambavyo hatuna hata ndugu, akiuliza swali lile lile. Watu walianza kusema akili zimemruka. Mwisho akampata mgambo mmoja wa Makambako. Yule bwana alimwambia ukweli: maji ya kumwosha hayakuwepo na jua lilikuwa linazama, wakamfunika blanketi watu watatu, na lile sweta la kijani alilotoka nalo nyumbani alizikwa nalo. Mama alirudi, akanyolewa nywele, akaita watu. Msiba wa kaka yangu ulianza siku hiyo. Mbegu za viazi zilikuwa zimeshaoza zamani.

Ndiyo maana sikubaliani na mjomba wako, ingawa simdharau.

Anasema askari alijichagulia. Kaka hakujichagulia, wala wale maelfu wa mgambo. Lakini hata yule aliyeomba kazi jeshini kwa hiari, alichagua kazi. Hakuchagua vita. Nani apigwe, lini, na kwa sababu ipi, hayo huamuliwa na wengine ambao usiku huo watalala vitandani mwao. Dereva akiona breki hazishiki kabla ya kuushuka Mlima Nyoka ana haki ya kugoma, japo najua matajiri wa malori wanavyowasukuma vijana. Askari akigoma anashtakiwa. Na mshahara ulikuwa wa kazi yake, haukuwa bei ya mwili wake.

Sisemi dereva ana thamani ndogo. Mkewe analia machozi yale yale, na ningefurahi siku moja tuwahesabu na hao wa mlimani mmoja mmoja. Ila askari tunamtuma sisi. Anauawa na kuua kwa jina letu, langu na lako unayeuza spea Uyole. Ukimtuma mtoto wa mtu dukani asirudi, huwezi kumwambia mama yake kwamba barabarani watu hugongwa kila siku. Utakwenda kwake na maelezo.

Hapa Iringa mjini kuna makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza. Mawe yamepangwa safu kwa safu, nyasi zimekatwa, na kwenye mawe kuna majina ya vijana waliotoka Uingereza na Afrika Kusini. Mimi husimama pale, nawaombea, maana nao walitumwa. Lakini babu wa mama yangu hayumo. Alichukuliwa mwaka 1917 kuwa tengatenga, mpagazi wa kubeba masanduku ya risasi kichwani, na hakuonekana tena. Jina Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi kama yeye. Dar es Salaam hiyo hiyo, kwenye sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, imeandikwa kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina la babu yule silijui. Nimewauliza wazee wote wa ukoo.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wanafika 350,000. Soma tena hesabu hiyo, mwanangu. Hata idadi yenyewe haijulikani. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, na wakipungua mia waliletwa mia wengine, kwa sababu hakuna aliyetakiwa kumjibu mama yeyote. Hapo ndipo ninapoona uzito unaouliza. Mkubwa anayejua kwamba kila jina litasomwa mbele ya watu, na kila mama ataambiwa mwanawe kalala wapi, hufikiri sana kabla ya kutuma. Asiyedaiwa jina hutuma tu.

Walinda amani wetu 14 walipouawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, nilikaa karibu na redio siku nzima. Niliwawaza mama zao, kama wataambiwa nani aliwashika mkono. Huwawaza pia akina mama wa Uganda ambao wana wao waliuawa na akina kaka yangu. Wale nao lazima wana swali.

Sasa mjomba. Kama mama yako alikuwa mgongoni, yeye alikuwa na miaka mingapi, mitano, sita? Mtoto wa umri huo aliambiwa baba yako ni shujaa, kisha akakua bila wa kumlipia ada wala wa kumfundisha kushika jembe. Mimi nasikia hasira ya mtoto huyo katika maneno yake kuliko hoja. Usitafute la kumshinda nalo. Mwulize, mkiwa wawili tu, anakumbuka nini juu ya baba yake. Huenda hajawahi kuulizwa.

Bibi aendelee. Wewe nunua daftari, uandike anayokumbuka: jina kamili la babu, namba yake ya jeshi kama anayo, aliondoka mwezi gani, nani alileta habari, na kama kaburi lake ni kati ya yale ya Kaboya, wilayani Muleba. Na 25 Julai ijayo mwombeni mjomba, yeye kifungua mimba, ndiye alitaje jina la baba yake mbele ya majirani. Akikataa msimlazimishe. Mwekeeni tu kiti karibu na bibi.